Waume mnaoacha hela ya matumizi kila asubuhi, kwa nini msitoe ya mwezi mzima?

#1 Mama Wawili
Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Chanika, nina watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ndiyo kwanza anatambaa. Nilikuwa nauza duka la vitambaa Kariakoo, nikaacha baada ya kujifungua huyu wa pili, maana nauli, mshahara wa dada wa kazi na maziwa ya kopo ukijumlisha vinakaribia kumaliza nilichokuwa napata. Tulikaa tukakubaliana mimi na mume wangu, hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Yeye ameajiriwa, mshahara unaingia benki mwisho wa mwezi. Hanywi, hana makuu, watoto anawapenda.

Kila asubuhi anaacha elfu kumi juu ya friji. Akisafiri anatuma kwa simu, elfu kumi ileile. Nimemuomba anipe laki tatu kwa mkupuo mwezi ukianza, sijaomba hata shilingi ya ziada. Anajibu "tutaona", na asubuhi naikuta elfu kumi pale pale.

Jana ilikwenda hivi: mkaa kopo 2,000, mchele kilo moja 2,800, maharage nusu 1,600, mafuta ya kupima 1,000, nyanya na vitunguu 1,000, maziwa ya mtoto 1,000, kipande cha sabuni 500. Imebaki mia. Mtaani kwetu gunia la mkaa likishushwa kwenye lori ni 85,000 na mimi nalitumia miezi miwili. Kwa kopo, miezi hiyo miwili ni 120,000. Sasa nani anapoteza hela hapo?

Kilichonifanya niandike ni kwamba wiki iliyopita mdogo alichemka mwili saa nane mchana. Simu ya baba yake haipatikani, mimi nina mia tatu mkononi. Nikambeba mgongoni mpaka duka la dawa, nikasimama pale namwomba dawa kwa mkopo kijana ambaye hanijui hata kwa sura. Alinipa, Mungu ambariki, ila ile dakika aliyokuwa ananitazama kabla ya kujibu bado ninayo.

Wanaume nisaidieni: mkitoa kidogo kidogo huwa mnaogopa nini? Na akina mama mliofanikiwa kuubadilisha huu utaratibu, mlianzia wapi?

Nawasilisha.

#2 Konda Mstaafu
Dada pole na mtoto. Wengi wetu tunatoa kwa siku kwa sababu tunapata kwa siku. Mimi nina bodaboda ya mtu, jioni lazima nipeleke hesabu, mafuta nimeshaweka, kinachobaki ndicho kinachofika nyumbani. Hiyo ya mwezi naitoa wapi? Usilaumu wanaume wote.

#3 Mke wa Dereva
Konda Mstaafu, soma vizuri basi. Mume wake analipwa mwisho wa mwezi, benki. Wewe wa bodaboda hukuulizwa.

#4 Mshona Nguo Tabata
Dada, hiyo ni kudhibitiwa, usizunguke mbuyu. Mtu mwenye laki tatu akiamua kukupa vipande thelathini, anataka kila asubuhi ukumbuke nani ana hela. Mama yangu aliishi hivyo mpaka baba anastaafu. Akitaka kwenda msibani Morogoro anaanza kuomba nauli Jumatatu ili aipate Alhamisi.

#5 Baba Watatu
Mshona Nguo, pole kwa mama, lakini usimhukumu mtu humjui.

Mimi niliwahi kutoa ya mwezi, tena laki nne. Mwezi wa kwanza ulienda vizuri kabisa. Wa pili, tarehe tisa naambiwa unga umekwisha. Kuuliza, hela imeingia kikoba, halafu kikoba chenyewe amekopea mwenzake ambaye amehama mtaa. Baadaye nikakuta na karatasi ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kwenye begi la mtoto, marejesho kila siku. Tangu hapo naacha ya siku. Ninaogopa watoto wangu walale njaa tarehe ishirini, hicho ndicho ninachoogopa. Umeuliza, nimekujibu.

#6 Mke wa Dereva
Baba Watatu, na je, ulimuuliza ile kausha damu aliikopea nini? Kwa ninavyowajua akina mama wa mtaani kwangu, wengi wanakopa kuziba pengo la hiyohiyo hela ya siku. Mtoto kaumwa, sare imechanika, mgeni kaja, mume anasema subiri kesho. Unakwenda kwa mkopeshaji unachukua elfu hamsini.

#7 Baba Watatu
Nilimuuliza. Alisema ni mchango wa harusi ya mdogo wake. Ningeambiwa ningetoa.

#8 Mke wa Dereva
"Ningeambiwa ningetoa." Haya kaka, tuishie hapo.

#9 Bibi wa Kihamba
Wanangu, shikamooni mnaostahili, wengine marahaba.

Mimi nimekulia Marangu. Kwetu kahawa ilikuwa ya baba. Inavunwa, inapelekwa chama cha ushirika, hela anaijua yeye. Ndizi, maziwa, maharage, mboga za kihambani, yaani shamba la pale nyumbani, vilikuwa vya mama. Mama hakuwahi kumuomba baba hela ya chumvi. Siku ya soko anajitwisha mkungu wake, anauza, anarudi na chumvi, mafuta ya taa na nyama kidogo, na baba haulizi. Kulikuwa na mipaka, na kila mmoja aliiheshimu.

Nyie mmehamia mjini, kihamba hakuna, ng'ombe hakuna, mwanamke amebaki na mfuko mmoja tu wa kutazama, na mfuko wenyewe uko kwenye suruali ya mwenzake. Ndiyo maana mimi nikienda kwa binti yangu Mbezi kitu cha kwanza natazama kama ana hata matuta ya matembele. Mama Wawili, Chanika viwanja si vidogo. Una nafasi nyuma ya nyumba?

#10 Mama Wawili
Asanteni wote. Bibi, shikamoo. Nafasi ipo, nimepanda mchicha na kisamvu, kuku wa jirani wanamaliza mchicha. Maji ndiyo shida, tunanunua dumu.

Baba Watatu, asante kwa kujibu wazi. Mimi sina kikoba wala mkopo, na mume wangu anajua.

#11 Mkaguzi wa Bili
Niongeze upande wa hesabu, maana dada ameeleza vizuri ya mkaa. Kununua kidogo kidogo kunaumiza kwenye kila kitu. Mafuta ya kupima ya buku buku ukiyajumlisha mpaka lita moja unakuta umelipa zaidi ya lita ya chupa. Sabuni ya kipande vilevile, mche mzima una nafuu. Viungo vya pakiti za mia mia ndiyo usiseme. Na LUKU pia, umeme wa kulipia kabla, ukinunua ya elfu mbili mbili uniti zinakuwa chache kuliko ukinunua ya elfu ishirini kwa mara moja.

#12 Fundi Umeme Gongo la Mboto
Mkaguzi wa Bili, yote sawa isipokuwa LUKU. Bei ya uniti haishuki kwa sababu umenunua nyingi kwa mara moja. Kinachowachanganya watu ni kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ukinunua ya elfu mbili siku hiyo unabaki na uniti za shilingi mia chache, unasema umeibiwa. Manunuzi yanayofuata mwezi huohuo hayakatwi. Ila kama ulikuwa hujanunua miezi kadhaa, deni la nyuma linakuja lote.

#13 Mkaguzi wa Bili
Sawa fundi, ya LUKU nimekuelewa. Mafuta na mkaa nabaki pale pale.

#14 Mwana wa Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Huku kununua kidogo kidogo sisi twaita uchumi wa kadogo, kampuni zenyewe zishajua na zatengeneza vipakiti vya kadogo makusudi. Lakini mimi naona mwasahau jambo moja: kununua kwa wingi kuna hasara yake. Nilipokuwa nanunua gunia la mchele, nyumba nzima iliutia mkononi. Wifi akija ajaza mfuko, jirani aja na kikombe, na mpishi mwenyewe hapimi tena, amimina tu. Kadogo hukufunza kipimo. Mume wangu alinunua mtungi mkubwa wa mafuta ya kupikia, tulikaanga viazi mpaka watoto wakachoka navyo.

#15 Mshona Nguo Tabata
Dada wa Mombasa umenikumbusha wifi zangu. Lakini hiyo dawa yake ni kufunga stoo na ufunguo ushike mwenyewe. Mtu kukaa na elfu kumi hakumfukuzi wifi.

#16 Karani wa Mahakama
Naomba niingie kwa upande wa sheria kidogo, wengi hawaijui.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inasema ni wajibu wa mume kumtunza mke wake: malazi, mavazi na chakula, kulingana na uwezo wake na hali yake ya maisha. Haisemi kwa siku wala kwa mwezi. Kifungu cha 64 ndicho huwa kinawashangaza watu. Mke anachukuliwa kuwa na mamlaka ya kukopa kwa jina la mume, au kutumia hela ya mume iliyo mikononi mwake, kwa ajili ya mahitaji ya lazima yake na ya watoto wadogo wa ndoa hiyo, mradi yalingane na uwezo wa mume. Kwa hiyo Mama Wawili, siku ile ya dawa ulikuwa ndani ya sheria kabisa kusema "andika jina la baba yake".

#17 Konda Mstaafu
Karani umefanya nini sasa. Kesho wake zetu wote wako dukani kwa Mangi na daftari la mkopo.

#18 Mke wa Dereva
Kwani sasa hivi daftari la Mangi limejaa majina ya nani? Yenu, ya sigara na vocha.

#19 Mpemba Mtulivu
Assalaam alaykum. Kwa sisi Waislamu masurufu, yaani matumizi, ni haki ya mke hata kama mke ni tajiri. Na kuna hadithi mashuhuri ya Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan. Alimshitakia Mtume kwamba mumewe ni bahili, hampi kinachomtosha yeye na wanawe, akaambiwa achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Yaani kwa kiasi, si kufilisi. Alichosema Karani cha kifungu cha 64 kwetu si kigeni.

Lakini nauliza: elfu kumi ya Chanika, watu wazima wawili, mtoto wa shule na mchanga, inatosha au haitoshi? Kama inatosha, basi ugomvi ni wa utaratibu tu, na utaratibu watu hukaa wakazungumza.

#20 Mama Wawili
Kaka yangu, inatosha chakula. Haitoshi maisha. Elfu kumi haina homa ndani yake, haina pedi, haina kusuka nywele, haina sadaka ya kanisani, haina elfu mbili ya kumpelekea mama mwenye mtoto mchanga jirani. Kila kimojawapo ni kikao. Nilipokuwa nauza duka nilikuwa natoa mchango wa msiba bila kumuuliza mtu.

#21 Dada Muuguzi
Pole Mama Wawili. Niseme kuhusu homa kwanza, mengine mtaendelea. Mtoto wa umri huo akichemka usianzie duka la dawa, nenda zahanati au kituo cha afya apimwe malaria. Homa ya mtoto si malaria kila mara, na kumpa dawa ya malaria bila kipimo kunaficha ugonjwa mwingine. Sera inasema watoto chini ya miaka mitano hawalipi kwenye vituo vya serikali. Akiwa analegea, hanyonyi, au amepata degedege, usisubiri simu ya mtu yeyote.

#22 Mshona Nguo Tabata
Muuguzi, sera hiyo tunaijua. Unafika unaandikiwa, dirishani unaambiwa dawa imeisha, nenda kanunue nje. Unarudi kwenye duka lilelile la dawa na mia tatu yako.

#23 Dada Muuguzi
Inatokea, sikatai. Lakini kipimo utakuwa umekipata, na mtoto ameonwa na mtu aliyesomea.

#24 Mwalimu wa Zamu
Mimi ni mwanaume, naacha hela kila siku, na mshahara wangu ni wa mwezi. Nieleze jinsi ninavyofikiri.

Mke wangu hajui mshahara wangu. Anajua "mwalimu analipwa", basi. Kwenye huo mshahara kuna makato ya mkopo wa benki niliochukua kupaua nyumba, kuna ada ya mdogo wangu, kuna mama yangu kijijini. Nikitoa ya mwezi, siku hiyohiyo ataiona tofauti kati ya kilichotoka na anachodhani kimebaki, na maswali yataanza. Nikitoa ya siku, hesabu haionekani. Nadhani wengi wetu tuko hapo. Wala si kwamba tunaogopa wake zetu watatapanya, tunaogopa waione karatasi ya mshahara.

#25 Baba Watatu
Mwalimu umesema kweli tupu, ingawa kwangu mimi sababu ni ile niliyoitaja.

#26 Mke wa Dereva
Mwalimu, heshima yako. Ila sasa huyo mama anapika kwa miaka akidhani unabana, kumbe unapaua nyumba anayolala. Si ungemwambia tu? Angekula dagaa wiki nzima kwa furaha.

#27 Binti wa Mwananyamala
Nyie mnazunguka. Dawa ni sheria. Sheria ya Tanzania inasema mke ana nusu ya mali yote. Mkiachana mnagawana sawa kwa sawa, kwa hiyo mwanaume atoe nusu ya mshahara mapema, yaishe.

#28 Karani wa Mahakama
Binti, hapana. Hakuna kifungu kinachosema nusu. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati ndoa inavunjwa au watu wanatengana, na mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja: fedha, mali au kazi. Mshahara wa kila mwezi ndoa ikiwa hai ni jambo jingine kabisa.

Zamani mabishano yalikuwa kama kazi za nyumbani ni mchango au si mchango. Majaji walipishana. Mahakama ya Rufani ikamaliza mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Jaji Mkuu akiwa Nyalali: kupika, kulea, kutunza nyumba ni mchango kwenye mali ya familia. Mama yeyote wa nyumbani hapa Tanzania Bara anayepata mgao leo amesimama juu ya kesi ile.

#29 Baba Watatu
Karani, malizia hiyo kesi. Nimewahi kuisikia kwa wakili. Huyo Bi Hawa mwenyewe alipata nini?

#30 Karani wa Mahakama
Hakupata kitu. Mahakama ilikubali hoja yake kwamba kazi ya nyumbani ni mchango, lakini ikaona mumewe alishampa fedha za mradi wa familia na yeye akazitumia ovyo, kwa hiyo sehemu yake ilihesabiwa kuwa alishaila. Rufaa ikashindwa. Kanuni ikabaki kwa wote waliokuja baada yake.

#31 Baba Watatu
Mnaona sasa. Hata mahakama ilitazama hela aliyokabidhiwa ilikwenda wapi. Mimi sina ubaya na mtu, nasema hela ya mkupuo ina dhamana.

#32 Mshona Nguo Tabata
Baba Watatu, mbona umeshika mkia umeacha ng'ombe? Majaji wamesema kulea ni kazi yenye thamani kwenye mali, wewe umeona ile hela ya mradi tu. Na Mama Wawili hakuomba mtaji wa biashara, ameomba hela ya mchele ije mapema.

#33 Mwana wa Kisauni
Huku Kenya kuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, imetaja wazi kuwa mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, hata kumpa mwenzio uandani. Lakini Binti wa Mwananyamala asikie: Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kuwa nusu kwa nusu si ya moja kwa moja, kila mtu athibitishe mchango wake. Kwa hiyo hata huku, mama wa nyumbani awe na risiti na kumbukumbu. Mimi nina daftari la kila kitu, hadi matofali ya choo.

#34 Mama Lishe wa Kimara
Mama Wawili, mimi nilikuwa kama wewe. Nilianza kusaga unga wa uji wa lishe wa mwanangu, majirani wakaomba, sasa nauza pakiti mtaani. Ninaweka mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa kidogo. Hela yangu ya pedi, mchango na dawa haijadiliwi na mtu. Nikuelekeze?

#35 Dada Muuguzi
Mama Lishe hongera kwa kujituma, ila huo mchanganyiko usimpe mtoto. Wataalamu wa lishe wanashauri nafaka moja, zisizidi mbili, na kimoja cha protini. Nafaka tano haziongezi lishe, zinarudia kilekile. Karanga na soya ukizisaga pamoja na unga halafu ukakaa wiki kadhaa unachacha, na karanga na mahindi ambavyo havikukaushwa vizuri huota fangasi wenye sumu. Mnakumbuka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya mahindi. Saga ulezi peke yake, karanga mama aziponde siku ya kupika. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza, mbichi haifai.

#36 Mama Lishe wa Kimara
Asante Muuguzi. Lakini wateja wanataka yenye vitu vingi, ukiwapa ulezi mtupu wanasema unawaibia. Wanangu wote wameukulia na wana afya. Nitajaribu kutenga karanga.

#37 Bibi wa Kihamba
Sisi tuliwalea kwa mtori wa ndizi na maziwa, na uji wa ulezi. Hao ndio leo wanaendesha magari yenu ya serikali.

#38 Konda Mstaafu
Bibi, na sisi tuliolelewa kwa uji wa dona ndiyo tuko bodaboda?

#39 Bibi wa Kihamba
Wewe mwanangu njoo Marangu nikupikie mtori, bado hujachelewa.

#40 Mkaguzi wa Bili
Turudi. Mama Wawili, ushauri wa vitendo. Usiombe ya mwezi, omba vitu vya mwezi. Andika mchele, unga, mafuta, sukari, sabuni, mkaa na bei zake za jumla. Mshahara ukitoka mwende wote sokoni, yeye alipe mwenyewe. Hela ya kila siku ishuke hadi elfu tatu, nne ya mboga na maziwa. Hajakukabidhi fungu, hana cha kuogopa, na gharama zinashuka. Kinachookolewa mnakubaliana kiwe cha dharura, kikae kwenye simu yako.

#41 Mshona Nguo Tabata
Mkaguzi, hapo umemwokolea mume hela na mke bado yuko pale pale anasubiri elfu tatu. Yeye alisema haitoshi maisha. Chakula amesema kinatosha.

#42 Mkaguzi wa Bili
Ndiyo maana nimesema kinachookolewa kikae kwenye simu yake. Soma mpaka mwisho.

#43 Dada wa Kazi Mstaafu
Naomba niseme na mimi. Nimefanya kazi za ndani nyumba kadhaa Dar kabla sijaolewa. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini 60,000 kwa msichana anayelala kwa tajiri wa kawaida na 120,000 kwa anayekwenda na kurudi. Wengi hata hiyo hatukuiona, lakini ilikuwepo, imeandikwa, na mwisho wa mwezi nilikuwa na changu cha kumtumia mama. Sasa nimeolewa, nafanya kazi zilezile, na usiku nanyonyesha juu yake. Changu hakipo. Simdai mume mshahara, ni mwenzangu. Ila nilipokuwa dada wa kazi nilikuwa na akiba, na leo sina.

#44 Mwalimu wa Zamu
Dada wa #43, hili limenigusa sana. Leo usiku nitampa mke wangu karatasi ya mshahara aisome, na makato yote.

#45 Mke wa Dereva
Mwalimu, usimpe tu karatasi ukaenda kulala. Kaa naye.

#46 Baba Watatu
Na mimi nasema, kabla ya kutoa ya mwezi anza na ya wiki. Wiki ikienda vizuri, mbili. Huwezi kumpa mtu thelathini kwa siku moja wakati amezoea moja moja. Hilo ni kwa mke hata kwa mume.

#47 Mama Wawili
Jamani asanteni. Nimezungumza na mume wangu, nimemsomea baadhi ya majibu bila kutaja nimeyatoa wapi. La kikoba alicheka, la karatasi ya mshahara alinyamaza kidogo. Amekubali gunia la mkaa na mchele wa mwezi, tutanunua pamoja. Hela ya mboga itabaki ya kila siku. La fungu langu mwenyewe amesema tuongee mwezi ujao. Mimi sijaridhika, ila nimepumua.

#48 Mshona Nguo Tabata
"Mwezi ujao" ni "tutaona" iliyovaa suti. Usilegeze.

#49 Mpemba Mtulivu
Ameshasogea hatua, msimvunje moyo. Mama Wawili, la dharura msisubiri mwezi ujao. Muombe leo hata elfu ishirini ya homa, iwe haiguswi kwa mboga.

#50 Fundi Umeme Gongo la Mboto
Gunia likija mwambie muuzaji alimwage chini mbele yako kabla hujalipa. Siku hizi juu mkaa mzuri, katikati chenga na vumbi. Na liweke pakavu, Chanika mvua zikianza litanyonya maji.

#51 Mke wa Dereva
Karani, swali moja kabla sijalala. Hicho kifungu cha 64, Mangi akikataa kuandika jina la mume bila mume kuwepo, naweza kumlazimisha?

#52 Karani wa Mahakama
Huwezi. Mwenye duka ana hiari ya kukopesha au kutokopesha. Kifungu kinamlinda akishakopesha, si rahisi mume kukwepa kulipa kwa kusema hakumtuma mke, ikiwa ni chakula au dawa ya watoto. Na mume akiwa alishamtangazia Mangi mapema kwamba asikopeshe, habari inabadilika. Hilo nitalieleza kesho, simu inazima.